Gauni Jeupe la Kulabu ya Pili

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengi walikimbilia uwanjani, lakini wale wa klabu ya kompyuta walikwenda kupanga foleni mbele ya chumba cha mwisho kwenye jengo la madarasa. Chumba kilikuwa kidogo, kompyuta zilikuwa kuukuu, na feni ya darini ilizunguka pale tu ilipojisikia. Aliyeongoza foleni hiyo kila siku alikuwa msichana mmoja wa darasa la saba ambaye shule nzima ilimwita Chapchap.

Jina hilo hakupewa bure. Alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu, wa kwanza kumaliza chakula, na wa kwanza kunyoosha mkono hata kabla swali halijaisha. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" sauti yake ndiyo iliyosikika juu ya zote: "Ndiyo, mwalimu!" Kama alikuwa ameelewa kweli au la, hilo lilikuwa jambo jingine, na yeye mwenyewe hakuwa na muda wa kulichunguza.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa mvulana aliyeitwa Kifutio. Huyo naye kazi yake ilikuwa kuandika, kufuta, kuuliza, kisha kuandika tena. "Samahani mwalimu, hapo sijapaelewa," alisema kila siku, mpaka darasa likachoka kumcheka.

Muhula ule mwalimu wa kompyuta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa anawafundisha JavaScript, lugha inayotumika kuutia uhai ukurasa wa tovuti ili kitufe kikibonyezwa jambo litokee.

"Kazi yote itafanyika humuhumu ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kwenye kompyuta ya anayetumia," aliwaambia. "Kwa hiyo tusipopanga vitu vyetu wenyewe, hakuna wa kuja kutupangia."

Akachora nyumba ubaoni. "Chumba hiki ni ghala. Taarifa zote zinakaa humu, na hazikai mahali pengine popote. Chumba hiki ni cha mchoraji. Yeye anachungulia ghalani, halafu anachora kwenye skrini kile alichokiona. Na hapa mlangoni anakaa mpokezi, anayesikiliza vitufe. Kitufe kikibonyezwa, mpokezi anapeleka habari ghalani, ghala linabadilika, na mchoraji anachora upya. Kila mmoja na kazi yake. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" akajibu Chapchap.

"Mimi bado," akasema Kifutio.

Ukweli ni kwamba hata Chapchap alikuwa bado. Ghala, mchoraji, mpokezi, yote hayo ya nini? Kichwa chake kilikuwa kimejaa ukungu mtupu. Lakini angewezaje kusema hivyo, yeye Chapchap, mbele ya watu wote? Isitoshe, alikuwa na haraka. Alitaka kumtengenezea mama yake programu.

Mama yake alikuwa dobi. Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya sabuni na mvuke wa pasi. Nyuma palikuwa na masinki ya kufulia, mbele palikuwa na kaunta, na ukutani palikuwa na safu ya kulabu za chuma, kila moja imeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Nguo iliyokuwa tayari ilitiwa kwenye mfuko mrefu wa nailoni nyeusi ili isiingie vumbi, ikatundikwa kwenye kulabu. Kwa kuwa mifuko yote ilifanana, mama alibandika kwa pini kikaratasi chenye jina la mwenye nguo. Tatizo lilikuwa pini hizo. Nyingine ziliacha matundu kwenye vitambaa laini, na wateja walikuwa wameanza kunung'unika.

"Mama, wewe tupa pini zako," Chapchap alimwambia siku moja. "Nitakutengenezea ukurasa kwenye ile kompyuta ya dukani. Utaandika jina la mteja na nguo yake, nao utakuambia iko kulabu gani. Mteja akichukua, unabonyeza kitufe, jina linaondoka. Basi!"

Mama alicheka, lakini macho yalimng'aa.

Chapchap akaingia kazini. Hakujenga nyumba ya ghala na mchoraji. Alirundika kila kitu ndani ya faili moja, kama nguo za wiki nzima ndani ya beseni moja, nyeupe na za rangi zimekumbatiana. Sehemu ya kuondoa jina ilipomshinda, aliitafuta kwenye mtandao, akainakili na kuibandika ndani ya kazi yake bila kujua inasema nini. Ikafanya kazi. Yeye akapiga makofi kwa furaha.

Ili kuijaribu, aliandika wateja wa uongo ndani ya faili: Simba kulabu ya kwanza, Chui ya pili, Twiga ya tatu. Akabonyeza "Imechukuliwa" mbele ya jina la Simba. Simba akatoweka. Safi kabisa! Lakini alipotazama vizuri, aliona Chui sasa yuko kulabu ya kwanza, na Twiga yuko ya pili.

"Ebo! Nani kawahamisha hawa?"

Alisoma mistari yake yote kutoka juu hadi chini, hakuona mahali alipoiambia kompyuta ihamishe mtu. Akasoma kutoka chini kwenda juu, mambo yakazidi kuvurugika. Mwisho akaupakia ukurasa upya. Simba akarudi, Chui akarudi kwenye ya pili, Twiga kwenye ya tatu.

Kifutio alikuwa anachungulia. "Muulize mwalimu," akanong'ona.

"Nimuulize nini? Si imerudi sawa? Ilikwama tu."

"Imekwamaje?"

"Wewe nawe! Kila kitu maswali. Futa yako huko."

Moyoni, hata hivyo, kitu kilikuwa kinamkera, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Akakipuuza. Akawafuta wanyama wake, akaunganisha ukurasa na hifadhi ya kivinjari ili majina ya wateja wa kweli yasipotee kompyuta ikizimwa, akaupeleka dukani.

Mama aliukagua huku anajifuta mikono kwenye aproni. "Una uhakika unafanya kazi, mwanangu? Maana nikiondoa vikaratasi hivi, sina pengine pa kutazama."

"Nina uhakika kabisa, mama."

Ile punje ya mchanga ikamkera tena, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama akakusanya pini zote akaziweka kando, na mwishoni mwa juma wakaingiza nguo za kwanza: suti ya mhasibu kulabu ya kwanza, gauni jeupe la nesi mwanafunzi ya pili, koti jeupe la mwenye bucha ya tatu, na mapazia ya nyumba ya wageni ya nne.

Jumamosi asubuhi mhasibu alifika mapema. Mama akasoma kwenye skrini, akampa suti yake kutoka kulabu ya kwanza, akabonyeza kitufe mwenyewe kwa kidole kimoja kwa madaha yote. "Kumbe na mimi ni mtaalamu!" akasema. Kisha akamwachia Chapchap duka na kwenda kununua sabuni.

Haukupita muda, mwenye bucha akaingia anahema. Alikuwa mtu wa miraba minne, na sauti yake ilijaza chumba.

"Binti, koti langu upesi! Mkaguzi wa afya yuko njiani, akinikuta bila koti jeupe ananifungia duka."

Chapchap akatazama skrini. Mwenye bucha, kulabu ya pili. Akanyoosha mkono, akautoa mfuko mweusi, akamkabidhi.

Mwenye bucha akaupima mkononi. "Mbona jepesi hivi?"

"Ule uzito wa mwanzo ulikuwa uchafu, mzee."

Mwenye bucha akaangua kicheko na kutoka mbio. Chapchap akabonyeza "Imechukuliwa", akaketi akijiona bosi.

Kisha akaja nesi. Alikuwa msichana mwembamba, nywele amezisuka vizuri, viatu vyeupe amevishika mkononi ili visichafuke njiani.

"Mdogo wangu, leo ndiyo leo!" akasema kwa furaha. "Saa nane tunakula kiapo. Mama yangu amesafiri toka jana kuja kuniona. Nipe gauni langu nikavae."

"Hongera, dada." Chapchap akatazama skrini. Nesi, kulabu ya kwanza. Akageuka kuchukua, na mkono wake ukashika hewa. Kulabu ya kwanza ilikuwa tupu.

Akarudi kwenye skrini. Bado iliandika ya kwanza. Akaupakia ukurasa upya, kama alivyofanya shuleni. Ya kwanza. Akaupakia tena na tena, skrini ikashikilia neno lake. Ya kwanza ile iliyokuwa na suti ya mhasibu? Lakini suti ilichukuliwa. Sasa gauni liliwekwa pale lini, na likatoka lini?

"Vipi?" nesi akauliza.

"Subiri kidogo, dada." Akakimbilia kulabu ya pili, tupu. Ya tatu ilikuwa na mfuko, ingawa skrini haikuwa na mtu wa kulabu ya tatu. Mapazia nayo iliyaandika ya pili, wakati kwa macho yake mwenyewe aliyaona yananing'inia kwenye ya nne. Akaufungua mfuko wa tatu. Akatoa koti jeupe pana.

Nesi akalishika mabega, akalinyoosha mbele yake. "Hili ni la nani? Nesi gani mwenye mabega haya?"

Wakati mwingine Chapchap angecheka. Sasa aliikodolea skrini macho. "Kompyuta imekosea," akasema.

"Kompyuta ndiyo iliyopokea gauni langu?" Sauti ya nesi ilianza kukatika. "Sipandi jukwaani bila sare, unajua? Hawaniruhusu. Gauni langu liko wapi?"

"Sijui, dada. Kwa kweli sijui."

Mama akaingia wakati huohuo na sabuni kwapani. Alitazama koti, akatazama kulabu, akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. "Nani amechukua nguo leo?"

"Mhasibu. Na mwenye bucha."

"Mwenye bucha amechukua nini, ikiwa koti lake ni hili hapa?"

Chapchap hakusubiri. Alilinyakua koti, na huyo, miguu niponye!

Alipofika buchani alikuta watu wamejazana mlangoni wakishikilia mbavu. Mwenye bucha alikuwa amesimama katikati ya duka, gauni jeupe lenye kiuno chembamba likining'inia mikononi mwake, na mkaguzi wa afya amefunika mdomo kwa faili asionekane anacheka.

"Hiki ni nini?" mwenye bucha akanguruma alipomwona. "Nivae gauni mimi? Mimi?"

"Nisamehe, mzee! Koti lako hili hapa!"

Wakabadilishana. Lakini Chapchap alipolitazama gauni, aliona halikuwa safi tena. Kwenye kola palikuwa na alama ya dole gumba, ya mafuta ya nyama, imekaa palepale ambapo kila mtu angeiona.

Dukani, mama alilichukua gauni, akalowesha kola, akaisugua kwa sabuni polepole, akaisuuza, akasugua tena. Nesi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akitazama saa ya ukutani, machozi yakimlengalenga. Alama ilipotoka, pasi ikaanza kupita juu ya kola mbichi, mvuke ukapanda. Hapo ndipo mama alipouliza, bila kuinua macho.

"Uliwahi kuiona ikifanya hivi kabla ya leo?"

Chapchap angeweza kusema hapana. Kifutio hakuwepo, mwalimu hakuwepo, na kompyuta haisemi. Akamtazama nesi, akashindwa.

"Niliiona, mama. Shuleni. Nilitoa jina moja, mengine yakahama. Sikuelewa kwa nini. Nikaogopa kuuliza, nikakuambia nina uhakika."

Pasi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Mama akamkabidhi nesi gauni lake lingali na joto, akamwomba msamaha kwa mikono miwili, na nesi akatoka mbio.

Jioni alipita tena dukani, sare mwilini, viatu vyeupe vina vumbi. Chapchap alisimama mara moja.

"Nilichelewa," nesi akasema. "Wenzangu walikuwa wameshaapa wote pamoja. Wakubwa wakanionea huruma, nikaitwa mwishoni, nikaapa peke yangu, ukumbi mzima ukinitazama. Nimekuwa nesi, namshukuru Mungu. Ila mama yangu alisafiri ili anione nikiingia na wenzangu, na hilo hakuliona."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini nilitaka ulijue."

Alipoondoka, Chapchap alilia kama mtoto mdogo. Mama alimwacha alie, huku akirudisha vikaratasi na pini zake kwenye mifuko, mmoja baada ya mwingine. "Ukurasa wako nimeufunga," akamwambia alipotulia. "Siutaki tena dukani mpaka siku utakayoweza kunieleza kwa nini majina yalihama. Usiniambie tu kwamba umeutengeneza. Nieleze kwa nini."

Jumatatu, mwalimu wa kompyuta alipouliza, "Mmeelewa?" chumba kilisubiri sauti waliyoizoea. Haikutoka. Ukatoka mkono, taratibu, kama mzigo mzito.

"Mwalimu, mimi sijaelewa. Tangu siku ya ile nyumba ubaoni."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka. Chapchap masikio yalimwaka moto, lakini akapiga moyo konde na kusimulia yote, mpaka dole gumba la mwenye bucha.

Mwalimu akatafakari. "Programu yako inajuaje kulabu ya mteja?"

"Inahesabu kwenye orodha. Wa kwanza kwenye orodha ni kulabu ya kwanza, wa pili ni kulabu ya pili."

"Hebu, nyinyi wa benchi hili, acheni mikoba yenu mlipokaa, mje mpange mstari hapa mbele." Wakaja, Kifutio akiwa wa pili. Mwalimu akamwambia wa mbele atoke nje, na wengine wakasogea kuziba nafasi. "Chapchap, sasa Kifutio ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na mkoba wake umesogea?"

Chapchap akageuka. Mkoba wa Kifutio ulikuwa palepale ulipoachwa. Akatazama mstari, akatazama benchi, akatazama mstari tena.

"Haujasogea," akasema. "Watu wamesogea, mikoba haijasogea." Kisha akashika kichwa. "Kwa hiyo nguo zilibaki kwenye kulabu zao, ila orodha ndiyo iliyosogea? Lakini mimi sikuandika kulabu popote ghalani. Nilikuwa naihesabu tu wakati wa kuchora! Ngoja... hapana, nimechanganyikiwa tena."

"Umechanganyikiwa vizuri," mwalimu akasema akitabasamu. "Endelea kuuliza."

Akaanza upya. Safari hii alitenganisha faili zake: moja ya ghala, moja ya mchoraji, moja ya mpokezi. Ghalani kila nguo iliandikwa na namba ya kulabu yake, na namba hiyo haikubadilika hata orodha ikipungua. Msidhani mambo yalinyooka hapohapo. Siku moja skrini ilibaki nyeupe pe! Siku nyingine kila kitufe kilikuwa kimekufa, kumbe mpokezi aliitwa kabla mchoraji hajachora vitufe vyenyewe. Kila alipokwama aliuliza, na mara nyingi aliyemjibu alikuwa Kifutio, ambaye kwa kuuliza kwake kote alikuwa ameshayajua mengi kimyakimya.

"Mbona hukuniambia kwamba unayajua haya?" Chapchap alimuuliza.

"Uliniambia nifute yangu huko," Kifutio akajibu, wakacheka wote wawili.

Hatimaye akaurudisha ukurasa dukani. Mama akachukua vitambaa chakavu, kila kimoja akakibandika jina la uongo, akavitundika kwenye kulabu, akaviandikisha, kisha akaanza kuondoa majina bila mpango: la katikati, la mwisho, tena la katikati. Kila mara alikwenda ukutani kuhakikisha. Kilichosemwa na skrini ndicho kilichokuwa kwenye kulabu.

"Sasa nieleze," akasema.

Chapchap akaeleza, habari ya mstari wa wanafunzi, ya mikoba na ya ghala. Alipokosea, alirudi nyuma na kuanza tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaketi.

"Mwanangu, siku ile hukunikosea kwa kutojua. Mimi mwenyewe mambo haya siyajui, na wala sioni haya kusema. Ulinikosea uliponiambia una uhakika, na moyo wako unajua kwamba huna. Mimi niliziondoa pini zote kwa neno lako hilo. Mtu akiniambia hajaelewa, tunakaa chini tunatafuta pamoja. Akinificha, nitamsaidiaje? Halafu anayeumia si yeye, ni mtu mwingine kabisa aliyekuja na viatu vyake mkononi, hana habari."

Chapchap akaitazama skrini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, kuna kitu kimoja bado sikielewi. Nikitafuta jina la mteja kwa herufi ndogo, ukurasa unasema hayupo, na yupo. Sijui kwa nini."

"Basi leo hatuutumii kwa kutafuta majina," mama akasema, akavuta kiti kingine karibu na kompyuta. "Kaa hapa, nionyeshe."